Gitaa la Kwanza na Watu Wasiotajwa Majina

Wiki hii nilipanga tuendelee na zile habari za kumbi za dansi, lakini limenikuta jambo la kifamilia ambalo limegeuka kuwa historia, tena ndefu, kwa hiyo chukueni kikombe cha chai mkae.

Binti wa dada yangu ana miaka 19. Anakaa kwenye kibanda cha kutuma na kupokea pesa cha mtu kule Chang'ombe, analipwa kwa kamisheni, na kwa miezi saba amekuwa akiweka pembeni kidogo kidogo. Jumanne usiku akanitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba. Nimefikisha laki mbili na themanini. Nataka gitaa kavu la kuanzia. Ninunue lipi?" Chini yake kulikuwa na picha tatu alizopiga dukani Kariakoo. La kwanza jeusi tii, kubwa, linang'aa kama gari la harusi. La pili la rangi ya chungwa, limeshatumika, lina nyuzi za nailoni. La tatu la bluu, na juu yake kimebandikwa kikaratasi kinachosema BEGI BURE.

Ningeweza kumjibu kwa mstari mmoja. Nilishindwa kwa sababu na mimi nina gitaa, limetundikwa ukutani sebuleni, na mpwa wangu huyu amekua akiliona pale.

Nililinunua mwaka 2006. Duka nalihifadhi jina. Muuzaji alilikaza nyuzi, akapiga kitu cha haraka haraka, nikatoa hela. Nyumbani, kuubana uzi mmoja mpaka utoe sauti safi ilikuwa kama kufungua kopo la maziwa kwa kidole. Nikarudi dukani kulalamika, nikaambiwa, "Vidole vitazoea, kaka." Nikavumilia miezi minne. Malengelenge yalitoka, yakapasuka, yakaota sugu, na bado kodi ya F (siyo ile ya mapato) ilikuwa inatoa sauti ya mbuzi mgonjwa. Nikalitundika. Tangu hapo mtu akiuliza najibu, "Nilijaribu, sina kipaji." Yaani nimelisema hilo mara nyingi mbele ya mtoto huyu, na sasa anataka kutoa jasho la miezi saba kununua kitu kile kile.

Basi nikaingia kwenye makaratasi yangu kutafuta watu wengine walinunuaje gitaa lao la kwanza. Nitawasimulia wachache na sitataja majina. Wadau wa siku nyingi mtawatambua, na mkiwatambua ni sawa. Ila siku walipokuwa wakitafuta gitaa la kwanza hakuna aliyekuwa na jina. Walikuwa mtumishi wa ndani, karani, mwanafunzi mtukutu. Huko ndiko nataka tukae nao.

Tuanze na binti mmoja wa North Carolina, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Mweusi, katika kipindi ambacho mtoto wa kike mweusi akiacha shule kazi iliyokuwa inamsubiri ilikuwa ya ndani. Kaka yake alikuwa na banjo, na kaka akitoka kwenda kazini binti alikuwa anaichukua kimya kimya. Banjo ilivyoondoka na mwenyewe, binti akaenda kutafuta kazi kwa watu. Mshahara ulikuwa senti 75 kwa mwezi. Gitaa alilolitaka liliuzwa dola 3 na senti 75. Pigeni hesabu: miezi mitano ya kufua na kufagia, kama hali hata pipi.

Alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Gitaa lilikuwa la mkono wa kulia. Hakuwa na mtu wa kumwambia kwamba nyuzi zinaweza kubadilishwa upande, akaligeuza tu, nyuzi nene chini, nyembamba juu. Dole gumba likawa linapiga wimbo na kidole cha shahada kinapiga besi, kinyume na dunia nzima. Wapiga gitaa mpaka leo wanakaa na rekodi zake wakijaribu kufuata ule mwendo.

Lakini sehemu inayonigusa mimi ni nyingine. Akaolewa, kanisani wakamwambia muziki wa dunia haufai, akaliweka chini. Miongo kadhaa ikapita. Akaja kuajiriwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya familia ya wanamuziki, na ukutani kwao kulikuwa na gitaa limetundikwa. Siku moja akalishusha. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 akiwa bibi wa miaka zaidi ya 60, na mwaka 1985 akachukua tuzo ya Grammy, umri miaka 90 hivi. Nilipofika hapo niliangalia ukuta wa sebule yangu, nikaangalia pembeni.

Sasa kwa nini magitaa ya wakati ule yalikuwa ya hela ndogo namna hiyo? Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wetu wengi hawalijui, na ndilo linaloamua vidole vyako vitaumia kiasi gani.

Kwa muda mrefu gitaa lilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo. Ndiyo, utumbo. Unakaushwa, unasokotwa. Sauti laini, nzuri, lakini uzi wenyewe una bei, unakatika, na hewa yenye unyevu unaulegeza. Gitaa lililokuwa linabeba nyuzi hizo lilikuwa dogo kwa macho ya leo. Yule fundi wa Hispania, Antonio de Torres, ambaye katikati ya karne ya 19 aliweka umbo ambalo gitaa la klasiki linalifuata hadi leo, alikuwa anatengeneza kwa ajili ya utumbo. Hata Martin, mhamiaji kutoka Saxony aliyefika New York mwaka 1833 na baadaye kuhamia Nazareth, Pennsylvania, alianza na magitaa madogo ya utumbo.

Shida ikawa kelele. Hakuna maikrofoni, hakuna spika, na gitaa limekaa kwenye bendi pamoja na banjo, fidla na mandolini. Nani atalisikia? Waya wa chuma ukajibu swali hilo: una sauti kali, haukatiki ovyo, na ni rahisi kuutengeneza kiwandani kwa wingi. Viwanda vya Chicago vikafyatua magitaa ya bei poa, maduka yanayouza kwa katalogi yakayapeleka vijijini kwa posta. Kufika miaka ya 1920 hata Martin ikawa imehamia kwenye chuma. Ila chuma kinavuta. Nyuzi sita za chuma zikikazwa sawasawa zinavuta shingo ya gitaa kwa uzito wa kama kilo 70. Hebu uone mfuko wa saruji, juu yake weka debe la maji, vyote vinaning'inia kwenye kipande cha mbao kisichofika unene wa mkono wa mtoto. Nailoni ni kama kilo 40.

Mbao inapovutwa hivyo inapinda. Ikipinda, nyuzi zinapaa juu ya shingo, na wewe ndiye unayelipa tofauti hiyo kwa ncha za vidole. Gibson wakapata dawa: fimbo ya chuma ndani ya shingo, inayokazwa kwa spana ndogo mpaka shingo inyooke. Hati ya ugunduzi huo ilitolewa mwaka 1923. Leo karibu kila gitaa la nyuzi za chuma linayo, hata la Kichina la bei ya chini. Wengi wanaouza hawajawahi kuigusa.

Na ule ukubwa wa tumbo? Ni kelele tena. Umbo lile pana ambalo vijana wote wanalikimbilia, lile la gitaa jeusi la mpwa wangu, lilitengenezwa na Martin kuanzia mwaka 1916 kwa ajili ya duka moja la muziki la Marekani, likapewa jina la Dreadnought, meli ya kivita ya Waingereza iliyokuwa gumzo. Martin wenyewe wakaliingiza kwenye orodha yao ya kudumu mwaka 1931. Lilikuwa la watu waliohitaji kusikika kwenye ukumbi bila umeme.

Mpwa wangu anapigia chumbani, na mama yake analala saa tatu usiku. Ukuta ni wa pamoja na wapangaji wawili.

Haya, turudi kwetu, maana chuma kilifika kwetu kwa njia zake. Kuna waliorudi nacho kutoka vita vya pili vya dunia. KAR walikuwa na kikosi chao cha burudani kilichofika mpaka Burma. Kuna magitaa yaliyoshuka Mombasa kwenye mizigo ya mabaharia. Lakini kwa gitaa kavu la vidole, lile linalosikika kama watu wawili wanapiga kumbe ni mmoja, macho yetu yaende Katanga, kwenye miji ya migodi ya shaba.

Mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi, mwaka 1952. Mtafiti wa Kiingereza anayefanya kazi na kampuni ya santuri ya Johannesburg anamkuta kijana mwembamba, karani, anapiga gitaa mtaani. Anaimba Kiswahili, Kiswahili cha migodini. Anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linakwenda chini kama ngoma, shahada inacheka juu. Mtafiti anatoa mashine yake. Santuri ile ilifika kila mahali palipokuwa na gramafoni, na ndani ya miaka michache vijana wa Nairobi, wa Uluhyani, wa Uganda, wa kwetu, wote walikuwa wanatafuta ule mwendo. Uluhyani wao wakaongeza chupa ya Fanta ikikwaruzwa pembeni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yule karani alikwenda Nairobi mwenyewe, na wapigaji wa Kenya wakapata nafasi ya kumwangalia mikono.

Hao vijana waliokuwa wanafuata walianzia wapi? Wengi walianzia kwenye debe. Kopo la mafuta ndilo tumbo, ubao ndio shingo, na nyuzi zinatoka kwenye waya wa breki wa baiskeli, unaufumua nyuzi moja moja. Waliobahatika walipata galatoni.

Vijana wa leo hawalijui neno hili. Ukikaa na mzee wa muziki wa dansi, atakwambia "tulianzia galatoni", akimaanisha gitaa kavu lolote lile. Neno limetoka kwenye Gallotone, nembo ya kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, biashara iliyoanza na duka la santuri Johannesburg mwaka 1926. Ndiyo hao hao waliotoa santuri ya yule karani wa Katanga. Waliuza santuri, wakauza na magitaa ya bei ya chini ya kuzipigia. Ukiusikia wimbo unautaka, na chombo ni chao pia. Wajanja.

Galatoni lilikuwa dogo, la mbao za tabaka zilizogandishwa, plaiwudi tunaiita sisi, na nyuzi za chuma. Halikuwa gitaa zuri. Wazee walikuwa na ujanja wa kuliishi. Mmoja ambao bado unaonekana hata leo kwenye picha za zamani ni penseli iliyofungwa kwa uzi au mpira juu ya shingo, kwenye freti ya pili au ya tatu. Watu wanadhani ilikuwa ya kubadilisha sauti tu ili kumfuata mwimbaji. Kweli ilifanya hivyo. Lakini magitaa mengi ya bei ya chini yana kijimfupa cha kichwani, kile nyuzi zinapopita kabla ya funguo, kimeachwa kirefu mno kiwandani, na kodi za mwanzoni mwa shingo zinakuwa mateso. Ukifunga penseli pale, kijimfupa hakina kazi tena. Nyuzi zinashuka. Mtu anapiga.

Nimelisoma hilo saa sita usiku, nikaenda kuchukua penseli. Nitarudi huko.

Kwanza tuvuke bahari kidogo, maana galatoni lilivuka pia. Mwaka 1957, Liverpool, Uingereza, mwanafunzi mmoja mtukutu alikuwa na Gallotone Champion, lile lile la Afrika Kusini, na ndani ya tundu lake kulikuwa na kikaratasi kinachohakikisha kwamba halitapasuka. Mama yake alijua banjo, kwa hiyo akamfundisha mikao ya banjo, na kijana akawa anapiga nyuzi nne tu kati ya sita. Na hilo gitaa ndilo alilolishika tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa, siku aliyokutanishwa na kijana mwingine ambaye wangeandika naye nyimbo mnazozijua hata kama hamjui mnazijua. Mwaka 1999 galatoni hilo liliuzwa mnadani kwa pauni 155,500. Plaiwudi.

Hicho kikaratasi cha "halitapasuka" wengi wanakisoma kama kichekesho. Mimi nakisoma kama mtu wa Dar. Mbao nzima, ile inayosifiwa na kila anayejua magitaa, inatanuka ikipata unyevu na kusinyaa ikikauka. Ukiitoa pwani ukaipeleka Dodoma kiangazi, inaweza kufungua ufa. Tabaka zilizogandishwa zinakaa. Sauti yake haikui kadiri miaka inavyokwenda kama ya mbao nzima, ni kweli, lakini kwa mtu wa kuanza anayebeba gitaa kwenye daladala, nisingemtoza hela ya ziada kwa ajili ya mbao nzima.

Yule kijana wa pili naye ana kisa. Baba yake alimpa tarumbeta kwa siku yake ya kuzaliwa, lakini ukipiga tarumbeta huwezi kuimba, akaenda kuibadilisha na gitaa. Akalishika, haliendi. Wiki zinapita, haliendi kabisa. Akajiona mzito. Mpaka alipoona picha ya mwimbaji mmoja wa Marekani ameshika gitaa upande wa pili, ndipo akili ikamjia: kumbe mimi ni wa kushoto! Akazifungua nyuzi zote, akazigeuza, akachonga kijiti cha kiberiti kuziba nafasi ya uzi mwembamba kwenye kijimfupa, na dunia ikafunguka.

Mnaona? Binti wa North Carolina aligeuza gitaa, kijana wa Liverpool akageuza nyuzi. Kama wewe ni wa kushoto, mwambie muuzaji kabla hujatoa hela, na usikubali kuambiwa utazoea.

Nailoni nayo lazima tuizungumzie, maana lile gitaa la rangi ya chungwa ndilo nililokuwa nimelichagua kichwani. Nailoni iliingia kwa mlango wa vita. Miaka ya 1940 utumbo wa kondoo ulihitajika hospitalini, kushonea vidonda vya wanajeshi, na wapiga gitaa la klasiki wakabaki hawana nyuzi. New York fundi mmoja, Albert Augustine, akaanza kuhangaika na nailoni, ile ya soksi za kina mama, na Segovia, mfalme wa gitaa la klasiki wakati huo, akazipokea. Ni laini mkononi, zina bei nafuu, na kwa mtu wa kuanza zinapunguza machozi nusu nzima. Ubaya wake ni shingo: gitaa la nailoni lina shingo pana, karibu milimita 52 pale juu, wakati la chuma ni kama 43. Mwenye mkono mdogo atanyoosha vidole mpaka viite.

Na hapa nitoe onyo moja kwa sauti kubwa, maana nimeona maiti nyingi. Msifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni! Lilijengwa kubeba kilo 40, wewe unalibebesha 70. Kwanza daraja linainuka, halafu tumbo linavimba, halafu siku moja usiku unasikia kishindo. Magitaa mangapi ya makanisani yamekufa hivyo.

Sasa ile penseli. Usiku ule nililishusha gitaa langu ukutani, la mwaka 2006, vumbi tupu. Nikafunga penseli freti ya kwanza kwa mpira wa nywele wa mke wangu. Nikapiga kodi. Ikatoka. Siyo vizuri, lakini ikatoka, mara ya kwanza. Nikakaa kwenye kochi pale na taa imezimwa kwa muda, sijui kama nilikuwa nafurahi au nataka kulia.

Kesho yake nikalipeleka kwa fundi. Hakupiga hata noti moja. Alilishika kama bunduki, akachungulia kutoka kichwani kwenda tumboni, akaweka rula ya shule kwenye freti ya 12. "Milimita sita," akasema. "Nani alikuwa anapiga hiki kitu?" Kwa gitaa la chuma, uzi mnene pale unatakiwa uwe juu ya freti kwa milimita mbili na nusu hivi, tatu sawa. Nne unaanza kuumia. Akakaza fimbo ya shingo robo mzunguko, akasubiri, akaongeza kidogo. Akakitoa kijimfupa cha kwenye daraja akakisugua msasa. Akachonga vijinjia vya kule kichwani kwa kijitupa chembamba. Ilichukua chini ya saa moja na alinichaji elfu ishirini na tano. Nilimuuliza kama tatizo lilikuwepo tangu dukani au limekuja kwa kukaa. Akasema kile kijimfupa hakijawahi kuguswa na mtu tangu kiwandani.

Elfu ishirini na tano, wadau. Miaka yote ile ya "sina kipaji".

Jumamosi tukaenda Kariakoo, mimi, mpwa wangu, na rula mfukoni. Muuzaji alicheka alipoiona, lakini alituacha. Jeusi lilikuwa na milimita nne na nusu, na akilikumbatia bega lake la kulia linapanda mpaka sikioni. La bluu lenye begi la bure lilikuwa na ncha za freti zinazokwaruza kiganja kama msumeno, na funguo mbili zinateleza: unakaza, zinarudi. Nikamwambia begi ni elfu kumi na tano popote.

Nikampa la rangi ya chungwa kwa furaha zote. Shingo imenyooka, nyuzi ziko chini, kila freti kuanzia ya kwanza mpaka ya 12 inatoa sauti bila kukoroma. Lile ndilo alilotakiwa kununua kwa hesabu zangu zote. Akalipiga kidogo, nyuzi mbili tatu, akanitazama.

"Mjomba, sauti siyo hii."

"Siyo ipi?"

"Zile nyimbo ulizonitumia za Wakongo. Hii haifanani."

Kosa langu. Wiki nzima nilikuwa namtumia zile santuri za Katanga ili nimpe historia, na yeye akazipenda, na zile ni chuma. Nikajaribu kumwambia kuhusu vidole, nikamwonyesha vyangu. Akasema kama ni vidole, yeye anahesabu noti kutwa nzima, vidole vyake vimeshakufa.

Nyuma ya jeusi kulikuwa na jingine ambalo hakulipiga picha kwa sababu halikuwa na mvuto: la kahawia, dogo, plaiwudi, nyuzi za chuma, halina kona iliyokatwa wala urembo wowote. Milimita tatu na nusu. Ukipiga freti ya 12, halafu ukaugusa uzi hapo hapo juu juu bila kuubana, sauti mbili zinafanana, maana pale ndipo katikati kabisa ya uzi, na zisipofanana gitaa hilo halitakaa sawa hata ulikaze vipi. Zilifanana. Tukaomba bei, ikashuka mpaka laki na tisini.

Zikabaki elfu tisini. Tulikwenda moja kwa moja kwa fundi. Tukanunua na seti ya nyuzi nyembamba, na fundi akamwambia mwezi wa kwanza azilegeze zote kwa toni moja, yaani sauti nzima ishuke lakini nyuzi zibaki zinaelewana, mvuto unapungua na hakuna wa kumdai. Alipofika kwenye kusugua kijimfupa, binti akanyoosha mkono.

"Naomba nisugue mwenyewe."

Fundi akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Akasugua taratibu, mistari mitano, anapima kwa rula yangu, mistari mingine mitano, mpaka jasho likamtoka puani.

Sauti aliyonitumia juzi ni ya sekunde 40, saa nne usiku, imepigwa polepole sana ili mama asiamke. Vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linapotea kila mara ya tatu. Nimeisikiliza nikiwa na langu mapajani, najaribu kumfuata, na yeye ndiye aliye mbele.

Mdau yeyote ambaye nyumbani kwao kuna galatoni la kweli, lenye kile kikaratasi ndani ya tundu, naomba anipigie picha kabla watoto hawajakibandua.